Ndoo ya Nepi za Kibibi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, na hakuna aliyehangaika kumtafutia jina lingine. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye vidole virefu, na kazi yake aliifanyia nyumbani, kwenye meza iliyobanwa kati ya kitanda na dirisha. Hapo angekaa tangu asubuhi, kioo cha kukuzia amekibana jichoni, akichokonoa matumbo ya saa za watu kwa kikoleo kidogo. Mkewe alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha mashati. Likizo ya uzazi ilipokwisha mkewe alirudi kazini, na Fundi Saa akabaki na mtoto.

Mtoto alikuwa wa kike, hata kukaa hajaweza, lakini alizaliwa na paji pana la uso na makunyanzi ya mtu aliyechoshwa na wajukuu. Ndiyo maana wakamwita Kibibi. Nepi za kutupa zilimkataa. Kila walipomvalisha alitokwa vipele vyekundu mapajani, akalia mpaka sauti ikakauka. Basi wakanunua za kitambaa, nyeupe, laini, na kuzifua ikawa kazi ya baba.

Sasa chumba chenyewe kilikuwa kimoja. Humo ndimo mlimokuwa na kitanda, meza, jiko la gesi la kichwa kimoja, kabati lisilofunga vizuri, na kamba iliyokatiza juu kutoka ukuta hadi ukuta. Bomba lilikuwa uani, la wapangaji wote, na maji yalitoka yanapojisikia. Kwa hiyo nepi zilizochafuka zilisubiri kwenye ndoo yenye kifuniko, chini ya meza, miguuni mwa Fundi Saa.

Na Fundi Saa alikuwa na siri. Mwaka uliotangulia, mkewe akiwa mjamzito, aliugua mafua mabaya ya homa, akalala kitandani hajiwezi. Homa ilipoondoka, iliondoka na uwezo wake wa kunusa. Alinusa sabuni, hakuna kitu. Akanusa kitunguu, hakuna kitu. Mwanzoni alijiambia itarudi. Haikurudi. Wakati huo tumbo la mkewe linakua, na mpango ulishapangwa kwamba yeye ndiye atakayekaa na mtoto, kwa kuwa kazi yake ni ya mezani. Akaogopa. Mtu asiyesikia harufu ya moshi, wala gesi inayovuja, wala chungu kinachoungua, nani atamwachia kichanga? Hata yeye mwenyewe asingemwachia mtu wa namna hiyo. Akafunga mdomo. Mkewe akitoka kuoga akauliza, "Kunanukia, eh? Sabuni mpya hii," yeye alijibu, "Kunanukia kweli kweli," huku moyo unamdunda kama wa mwizi.

Tangu hapo akajifunza kunusa kwa macho. Alitazama nyuso za watu. Mteja akiingia na saa yake, Fundi Saa hakuangalia saa kwanza, aliangalia pua. Imekunjwa? Mkono umepanda usoni? Mtu amesogea mlangoni kabla ya salamu kuisha? Alikuwa akiishi hivyo, roho juu juu, kama anayepita kwenye ua wenye mbwa bila kujua kama amefungwa.

Kiangazi kilipita salama. Jua lilikuwa kali, nepi zilianikwa uani zikakauka mpaka zikawa ngumu kama karatasi, na kama kulikuwa na harufu basi upepo uliichukua. Mvua zilipoanza ndipo mambo yalipogeuka. Nepi zilianikwa ndani, zikakaa siku nzima zina unyevu, zikavaliwa hivyo hivyo. Dirisha lilifungwa kwa sababu mvua ilipiga upande ule na saa za watu zilikuwa mezani. Ndoo nayo ilijaa, maana nani afue nepi za kuanika wapi?

Siku moja mama mwenye nyumba alikuja kukagua paa lililokuwa likivuja ukumbini. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba maji ya kunywa. Alipofika mlangoni kwa Fundi Saa alisimama ghafla. Fundi Saa akaona mkono ukipanda, ncha ya khanga ikafunika pua.

"Fundi. Humu ndani kwako kuna nini?"

"Shikamoo, mama. Kuna nini kivipi?"

"Marahaba. Kivipi tena, mwanangu? Huu uvundo huusikii?"

"Ni nepi za mtoto, mama. Mvua hii... Nilikuwa naondoka kwenda kuzifua sasa hivi."

"Wenzio wa chumba cha mwisho wameshanilalamikia, nikawaambia wana maneno. Kumbe wana haki yao." Alirudi nyuma hatua, kama vile maneno yenyewe yalikuwa yananuka. "Mimi nami nimelea, sikatai. Lakini nyumba ina watu wengi hii. Ijumaa nitapita tena. Nikikuta hali ni hii, nitakuomba unipishe chumba changu, na tusije tukalaumiana."

Akaenda zake. Fundi Saa alibaki ameshika kikoleo, kiskurubu kidogo kikaanguka, asikitafute. Waende wapi na mtoto mchanga, mvua inanyesha hivi? Na kilichomtia hofu zaidi si kufukuzwa peke yake. Ni kwamba adui alikuwa humo chumbani, amekaa naye, analala naye, na yeye hamwoni. Aliinama akafunua ndoo, akaingiza uso wote ndani, akavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Hakuna kitu. Ilikuwa kama kunusa glasi ya maji.

Jioni mkewe aliporudi, alivua viatu mlangoni na kusema taratibu, kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi, "Baba Kibibi, hivi wewe huisikii hii harufu?"

"Naisikia. Nimeshaizoea tu."

"Mimi siwezi kuizoea. Leo kazini mwenzangu kaninusa begani."

Fundi Saa aliona aibu, na ndani ya aibu kulikuwa na woga, kwa sababu alijua swali litakalofuata siku moja.

Kesho yake alikwenda dukani, akarudi na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, chupa kubwa, na dawa ya choo, ile kali inayomwagwa kwenye masinki kutoa ukoko. Alizichagua kwa namna yake. Alifungua kifuniko cha kila moja pale pale dukani, akavuta pumzi, na zile zilizomchoma puani na kumtoa machozi ndizo alizozichukua. Harufu ilikuwa imekufa kwake, lakini mwasho alikuwa bado anausikia. Kwake, kilichowasha ndicho kilichosafisha. Hakuwa na kipimo kingine.

Ijumaa ilifika na mvua yake. Bomba lilikuwa limekauka tangu jana yake, maji aliyokuwa nayo ni ya dumu moja tu. Ndoo ilikuwa imejaa nepi za mkojo mpaka kifuniko kilikaa upande. Kibibi alikuwa amenyonya maziwa ya chupa, amelala kitandani, ngumi zake ndogo zimeinuliwa juu kama aliyesalimu amri. Fundi Saa alisikia sauti ya mama mwenye nyumba kule mwanzo wa ukumbi, akiwasema mafundi wa paa.

Akajikaza kisabuni. Aliinama chini ya meza, akafungua ndoo, akamwaga dawa ya nguo nyeupe juu ya zile nepi, bila kuzisuuza kwanza, bila kuongeza maji. Si kifuniko kimoja wala viwili. Alimimina mpaka chupa ikaanza kugugumia. Kisha akafikiri, labda ndoo yenyewe ndiyo iliyoshika uvundo. Akachukua dawa ya choo, akaizungushia ukingoni ikatiririka mpaka ndani. Povu likapanda. Akalikoroga kwa kijiti, puani kukamwasha vizuri, akajisemea, naam, leo imekubali. Akaegesha kifuniko, akahakikisha dirisha limefungwa na mlango umefungwa ili kama bado kuna harufu isitoke ukumbini, akakaa mezani kungoja.

Macho yalianza kumtoka machozi. Akayafuta, akakiweka tena kioo chake jichoni, kikajaa ukungu. Koo likaanza kumkereketa. Akakohoa. Mafua haya ya mvua, akawaza. Kibibi naye akakohoa, kikohozi kidogo kikavu, kama mtu anayetaka kusema jambo. Akakohoa tena. Fundi Saa akageuka kumtazama, akamwona amefumbua macho, mekundu, anakunja uso kama kawaida yake. "Tulia, Kibibi, tulia mama," akamwambia, sauti yake ikatoka imekwaruza. Alifikiri amwache alie kidogo tu, halafu ambembeleze. Mgeni alikuwa njiani.

Mara mlango ukagongwa. Ulipigwa kwa kiganja, kwa nguvu.

"Fundi! Fungua!"

Haikuwa sauti ya mama mwenye nyumba. Ni msusi wa chumba cha pili, dada mmoja mcheshi aliyekuwa akiwasuka watu nywele ukumbini na kucheka siku nzima. Leo hakuwa akicheka. Fundi Saa alisimama, akashika kitasa, hakufungua. Aibu ilimjaa mpaka masikioni. Hata huyu, ambaye hajawahi kumkunjia pua, leo amechoka.

"Samahani, dada," alisema kupitia mlangoni. "Najua. Ndiyo naziosha hapa. Nipe dakika mbili tu harufu itaisha."

"Fundi, fungua mlango!"

"Nakuomba dada, usimwite mama mwenye nyumba. Nakuomba sana."

"Siyo nepi!" Msusi alipiga kelele, na katikati ya kelele akapaliwa, akakohoa. "Siyo nepi, Fundi! Hiyo ni dawa, hewa yenu ni sumu, inatuchoma mpaka huku nje! Mtoto yuko wapi? Mtoto yuko wapi?"

Fundi Saa aligeuka. Kitandani Kibibi hakuwa akilia tena. Mdomo ulikuwa wazi, kifua kinapanda na kushuka haraka haraka kama cha ndege aliyeshikwa mkononi, na kila pumzi ilitoa mluzi mwembamba. Pembeni mwa midomo rangi ilikuwa imebadilika.

Baadaye hakuweza kukumbuka alivyofika kitandani. Alikumbuka tu kwamba mtoto alikuwa mwepesi mno, na kwamba kitasa kilimkatalia mara ya kwanza kwa sababu kiganja kilikuwa na jasho. Mlango ulipofunguka msusi alimvuta shati, wakatoka ukumbini, wakampita mama mwenye nyumba aliyebaki kaduwaa, mpaka uani, kwenye mvua. Msusi alivua kitambaa chake cha kichwani, akakilowesha kwa maji ya mvua, akamfuta Kibibi macho na mdomo.

"Anapumua?" Fundi Saa aliuliza. Alikuwa anamwona anapumua, lakini hakuyaamini macho yake. "Dada, niambie, anapumua?"

"Anapumua. Twende zahanati. Kimbia!"

Zahanati ilikuwa nyuma ya soko. Fundi Saa alikimbia pekupeku, maji ya matope yakimrukia mpaka kiunoni, msusi pembeni yake akiwakinga kwa karai la plastiki aliloliokota sijui wapi. Kifua cha Fundi Saa kilikuwa kinawaka moto, na kila alipokohoa aliogopa asimtikise mtoto. Njiani mluzi ule ulikatika. Alisimama katikati ya barabara, watu wanampita, pikipiki inampigia honi, akaweka sikio kwenye mdomo wa mtoto. Muda ule mfupi ulikuwa mrefu kuliko maisha yake yote. Kisha Kibibi akavuta pumzi, mluzi ukarudi, na Fundi Saa, aliyekuwa akiuogopa mluzi ule kuliko kitu chochote, akaona ndiyo sauti nzuri kuliko zote alizowahi kusikia. Akakimbia tena.

Nesi aliyewapokea hakuuliza kadi wala foleni. Alimchukua Kibibi, akamvalisha kibarakoa kidogo chenye mpira, oksijeni ikaanza kupita, kisha akamwekea dawa ya mvuke ya kufungua kifua. Mikono yake ilikwenda haraka lakini bila papara. Ni pale tu mtoto alipoanza kulia, kilio kibovu, cha kukwaruza, ndipo nesi alipogeuka.

"Kavuta nini?"

Fundi Saa akaeleza: nepi, dawa ya nguo, dawa ya choo, mlango, dirisha.

Nesi alifumba macho kidogo. "Baba, mkojo uliokaa ukikutana na dawa ya nguo nyeupe unatoa hewa ya sumu. Dawa ya choo ukiiongeza juu yake, inatoka nyingine mbaya zaidi. Na ukafunga dirisha? Harufu yake inamtoa mtu mbio. Hukuisikia?"

Msusi alikuwa amekaa kwenye benchi, anamtazama. Fundi Saa aliitazama miguu yake yenye matope.

"Sisikii harufu," alisema. "Pua yangu ilikufa. Hainusi chochote."

"Tangu lini?"

Swali hilo halikutoka kwa nesi. Lilitoka mlangoni. Mkewe alikuwa amesimama pale, bado na aproni ya kiwandani, maji yanamchuruzika usoni. Msusi ndiye aliyekuwa amempigia simu, lini, Fundi Saa hakujua.

"Tangu lini, Baba Kibibi?"

"Tangu ile homa."

Mkewe hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alipita akaenda kwa mtoto, akaweka kiganja kwenye kifua kile kidogo kilichokuwa kikihangaika, akasimama hivyo, amempa mumewe mgongo.

"Kwa hiyo kila nilipotoka asubuhi," alisema hatimaye, "nikafunga ule mlango, jiko la gesi mle ndani..." Akashindwa kumalizia.

"Niliogopa utaacha kazi. Niliogopa utaona sifai."

"Na mimi mbona hukuniacha niogope na wewe?"

Fundi Saa alikaa chini, pale pale sakafuni, akilia na kukohoa, mpaka nesi alipomwambia kwa ukali ainuke apimwe naye.

Baba na mtoto walilazwa hadi kesho yake, na mama akakesha nao. Kila Kibibi alipokohoa, wazazi wote wawili waliinuka kwa pamoja, na kila alipotulia waliinuka pia. Mama mwenye nyumba alikuja jioni ile, amebeba blanketi. Sauti yake ya kuamrisha ilikuwa imemwishia. Alimtazama mtoto, akavuta kiti, akakaa kwa uzito.

"Mimi nilitaka usafi, mwanangu. Sikutaka msiba."

"Si kosa lako, mama," Fundi Saa akasema.

"Lakini ni mimi niliyekutisha." Halafu, kwa kuwa alikuwa yeye yule, akaongeza, "Ila harufu ilikuwepo. Hilo siliondoi. Ndoo nimeitoa nje, nimeimwaga mbali na watu, madirisha yote yako wazi. Mkirudi, chukueni ile kona ya nyuma ya bomba, chini ya bati. Ndoo ikae huko, na kamba mfunge huko. Mvua haifiki."

Kibibi alipona. Kikohozi kilimfuata kwa muda, na nesi akawa anamsikiliza kifua kila walipokwenda, mpaka siku moja akasema basi, hana haja ya kumwona tena. Ni nesi huyo huyo aliyewakalisha Fundi Saa na mkewe na kuwaeleza namna ya kufua: kinyesi kitolewe hapo hapo, nepi isuuzwe kwa maji matupu kabla haijakaa, ndoo isijazwe wala isibanwe kifuniko, sabuni kidogo tu, maji ya moto, isuuzwe mpaka utelezi uishe, na jua likitoka hata kidogo ianikwe. Dawa mbili, zisikutanishwe kabisa. Harufu haikuisha yote, maana mtoto ni mtoto. Ilipungua ikawa ya kuvumilika, au ndivyo Fundi Saa alivyoambiwa.

Mkewe alichukua ruhusa kazini, akakaa nyumbani. Hakumwachia mtoto hata kwenda bombani, na Fundi Saa hakumlaumu. Waliongea kidogo kidogo. Walihamishia jiko kwenye kibaraza. Walipatana na msusi kwamba akishafungua kazi yake asubuhi, na tena mchana, atapita kuwanusia chumba. Msusi aliliona jambo hilo la kuchekesha sana. Angeingiza kichwa mlangoni, akavuta pumzi kwa mbwembwe, akatangaza, "Leo safi!" au, "Fundi, huyu mzee wenu kajisaidia, mbadilishe," kisha akaondoka anacheka.

Asubuhi mkewe aliporudi kazini kwa mara ya kwanza tangu siku ile, alisimama mlangoni muda mrefu, mkoba begani.

"Unaogopa?" akamuuliza mumewe.

"Naogopa sana."

"Vizuri," akasema. "Mimi pia." Akambusu mtoto, akaenda.

Fundi Saa aliweka tofali mlangoni ili usijifunge, akafungua dirisha lote, akasogeza saa za watu upande usiofikiwa na manyunyu. Baridi iliingia. Akamvika Kibibi sweta, akamlaza mahali anapoweza kumwona bila kugeuza shingo, na kwa muda mrefu hakugusa kazi. Alikaa tu, mikono mapajani, akimtazama anavyopumua.

"Hodi," msusi akaita kutoka ukumbini. "Nimekuja kunusa."

"Karibu, dada," akajibu haraka. "Karibu, ingia mpaka ndani."